Mwanga na Bikari: Safari kutoka Zürich hadi Prague

Jumatatu, Zürich

Safari hii imeanzia Zürich kwa sababu ya hati moja ya alkemia ya mwanzoni mwa karne ya 15, iitwayo Aurora consurgens, ambayo imehifadhiwa katika Maktaba Kuu ya mji huu tangu monasteri ya Rheinau ilipofungwa mwaka 1862 na vitabu vyake kuhamishiwa hapa. Hati ya umri huo haitolewi kwa kila mpita njia, nami sikuiomba. Niliketi katika chumba cha kusomea nikazikuza picha zake moja moja kwenye skrini, mpaka mipapaso ya brashi ikaonekana.

Ninafundisha uchoraji wa kiufundi, na kwa miaka mingi nimewasikia watu wakizitaja picha za alkemia, ile sanaa ya kale ya kutafuta kugeuza metali kuwa dhahabu, kana kwamba ni ndoto za wazee waliolewa moshi wa tanuri. Sikubaliani nao hata kidogo. Nimekuja kutazama jinsi wachoraji wa zama za Mwamko wa Ulaya walivyoutumia mwanga na jiometria ili kueleza kazi iliyokuwa ikifanyika ndani ya chupa iliyozibwa, mahali ambapo jicho halikuweza kufika. Mbele ya kila picha nitajiuliza kwanza mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, na ni umbo gani lililotumika kuviunganisha.

Picha iliyonishika zaidi leo inatokana na maandishi ya Mwarabu, Muhammad ibn Umail, aliyeishi Misri katika karne ya 10 na ambaye Walatini walimwita Senior. Ibn Umail alisimulia kwamba aliingia katika hekalu la Busir akakuta sanamu ya mzee ameketi na kibao mapajani, na juu ya kibao hicho palichorwa ndege, mwezi na majua mawili, moja likiwa na miale miwili na jingine likiwa na mwali mmoja. Mchoraji wa Aurora aliichora nyumba hiyo, akamweka mzee ndani yake na kile kibao, kisha juu ya paa akawaweka tai wenye pinde. Ninaona hapo jambo zito, kwa kuwa hata kabla wachoraji wa Ulaya hawajashika bikari kwa ajili ya kazi hii, tayari mwanga ulikuwa unahesabiwa: jua lilipewa idadi ya miale, na idadi hiyo ilikuwa na maana katika kazi ya zebaki na kiberiti, yaani salfa.

Picha nyingine inaonyesha jua na mwezi wakipigana mikuki kama mashujaa wa kizungu wa enzi hizo. Jua limempanda simba na mwezi umempanda mnyama mwenye kichwa cha tai. Ajabu ni kwamba ngao ya jua imechorwa miezi na ngao ya mwezi imechorwa jua, hivyo kila mmoja anajikinga kwa sura ya adui yake. Rangi ni nyepesi, mistari ni ya mkono huru, na sikuona mahali ambapo mchoraji alijali kivuli kianguke upande gani. Ni picha ya mawazo matupu, nayo ni nzuri kwa namna hiyo. Nitakayoyafuata kuanzia kesho yamechorwa na watu waliojifunza kitu kingine kabisa.

Jumanne, Basel

Treni ilichukua kama saa moja. Niliitembelea Makumbusho ya Historia ya Famasia, iliyo katika nyumba ambamo Johann Froben alikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, ambamo Erasmus aliishi, na ambamo Paracelsus alifika kama tabibu. Kuna maabara iliyopangwa upya kwa mfano wa zamani, yenye tanuri na vyombo vya kukenekea, na ukikaribia unaelewa upesi kwa nini watu hawa walihangaikia mwanga. Kioo cha zamani ni kizito na kina rangi ya kijanikijani. Kinachotendeka ndani ya chupa ya namna hiyo huonekana kikiwa kimepinda, na mabadiliko ya rangi, kutoka weusi hadi weupe na kutoka weupe hadi wekundu, ndiyo yaliyokuwa dalili kuu ya mwanaalkemia kwamba kazi inaendelea. Aliyekosea kuusoma mwanga aliikosa kazi nzima.

Kuna mwaka mmoja wa mji huu ambao ningependa msomaji aukumbuke, nao ni 1572. Mwaka huo Petrus Perna alichapa hapa Basel mkusanyo mkubwa wa maandishi ya kale ya alkemia kwa Kilatini, mengi yakiwa yametokana na Kiarabu. Mwaka huohuo, mjini humuhumu, kilichapwa Opticae thesaurus, kitabu kilichohaririwa na Friedrich Risner, chenye tafsiri ya Kilatini ya Kitabu cha Mandhari cha Ibn al-Haytham wa Basra pamoja na kazi ya Witelo juu ya mwanga. Ukurasa wake wa mbele una picha ya vioo vinavyokusanya miale ya jua na kuchoma merikebu baharini, upinde wa mvua angani, na watu waliosimama majini ambao miguu yao inaonekana imevunjika kwa sababu ya kupinda kwa mwanga. Msomaji wa Basel mwenye fedha angeweza kurudi nyumbani na vitabu vyote viwili kwapani, kimoja kikimfundisha jinsi miale inavyosafiri katika mistari iliyonyooka na kurudishwa na vioo, kingine kikimwambia kwamba dhahabu ni jua lililo ardhini. Ninaamini kwamba picha za miaka iliyofuata zilizaliwa kwa wasomaji wa aina hiyo.

Mmoja wao alisoma udaktari papa hapa. Heinrich Khunrath wa Leipzig alipata shahada yake Basel mwaka 1588, na mwaka 1595 akatoa Amphitheatrum Sapientiae Aeternae, chenye michongo ya mviringo ambayo bado inawashughulisha watu. Maarufu kuliko yote ni ule unaoonyesha maabara na mahali pa sala vikiwa chumba kimoja. Mchoro ulibuniwa na Hans Vredeman de Vries, bingwa katika enzi yake wa uchoraji wa kina, yaani wa kuonyesha umbali kwa mistari inayokutana mahali pamoja, na ukachongwa kwenye shaba na Paullus van der Doort. Upande wa kushoto mtu amepiga magoti mbele ya hema. Upande wa kulia kuna tanuri ambalo paa lake limebebwa na nguzo mbili zilizoandikwa Ratio na Experientia, yaani akili na uzoefu. Katikati kuna meza yenye vyombo vya muziki.

Niliweka rula juu ya nakala niliyokuwa nimechapa, nikafuata mistari ya sakafu na ya dari. Yote inakimbilia kwenye upenyo wa mlango ulio nyuma kabisa, ambako pameandikwa maneno yanayomtaka mtu akeshe hata akiwa amelala. Kwa hiyo jicho halitulii kwenye hema wala kwenye tanuri. Mistari inalichukua na kulipitisha katikati ya vyote viwili. Vredeman de Vries hakuhitaji kuandika kwamba sala na kazi ya mikono ni njia moja, kwa sababu rula yake ilikuwa imekwisha kusema. Hilo ndilo jambo ambalo Aurora isingeweza kulifanya.

Jumatano, Oppenheim

Nimefikia Mainz kwa dada yangu mkubwa, ambaye ameishi huko muda mrefu, na leo amefuatana nami hadi Oppenheim, mji mdogo kando ya mto Rhine. Majeshi ya Ufaransa yaliuteketeza mwaka 1689, na hata Kanisa la Mtakatifu Katarina liliharibiwa vibaya, lakini kanisa limekarabatiwa na upande wake wa kusini kuna dirisha la karne ya 14 linaloitwa Waridi la Oppenheim. Tuliingia karibu na adhuhuri. Rangi za vioo zilikuwa zimemwagika sakafuni na kupanda kidogo kwenye nguzo, na dada akasimama akizitazama kwa muda.

“Mdogo wangu,” akaniuliza, “mbona kule juu waridi ni duara, na huku chini limekuwa refu?”

“Miale inashuka kwa mshazari, dada. Duara likiangukia mahali kwa mshazari huwa duaradufu.”

“Basi saa kumi litakuwa refu zaidi.”

Alikuwa sahihi, na swali lake lilinifaa kuliko maelezo mengi ya vitabu. Wachongaji waliofanya kazi katika mji huu walipita chini ya dirisha hili, na kila siku yenye jua waliona umbo lililo kamili juu likibadilika sura lilipoigusa ardhi.

Kiwanda kilichotuleta hapa ni cha Johann Theodor de Bry, aliyetoa vitabu Oppenheim kabla ya shughuli zake kurudi Frankfurt. Mwaka 1617 vilitoka hapa vitabu viwili ambavyo kwangu ndivyo kilele cha sanaa hii yote: Atalanta fugiens cha Michael Maier, aliyekuwa tabibu wa mfalme mkuu Rudolf II, na juzuu ya kwanza ya Utriusque cosmi historia cha Robert Fludd, tabibu wa London. Mwaka huohuo kijana Matthäus Merian wa Basel, ambaye michongo ya kitabu cha Maier hunasibishwa naye, alimwoa binti wa de Bry.

Fludd mwenyewe alieleza kwa nini alivuka bahari kutafuta mchapaji. Wachapaji wa Uingereza walimdai pauni 500 kwa ajili ya uchapaji na michongo ya shaba, ilhali huku alichapiwa bila gharama, akapelekewa nakala 16 na juu yake pauni 40 za dhahabu. Gharama zilikuwa katika picha, na de Bry alijua kwamba picha ndizo zingeuza kitabu.

Katika kitabu hicho cha Fludd kuna ukurasa ambao sijapata kuona mfano wake kwingineko katika karne hiyo. Ni mraba mweusi. Mchongaji ameujaza kwa mikwaruzo iliyokatana mpaka weupe wa karatasi umetoweka karibu wote, na kwenye kila upande wa mraba pameandikwa kwa Kilatini kwamba hivyo ndivyo hadi pasipo na mwisho. Hiyo ndiyo maada kabla ya mwanga kuumbwa. Kurasa zinazofuata zinaonyesha mwanga ukiingia, na giza likianza kujitenga katika miduara. Mtu aliyewahi kushika kalamu ya kuchongea anajua kwamba katika mchongo wa shaba mwanga hauchorwi. Ni sehemu ya karatasi ambayo chuma hakikuigusa. Fludd na mchongaji wake waliipeleka kanuni ya kiwanda moja kwa moja hadi kwenye kuumbwa kwa ulimwengu, na wino ukawa ndiyo maada ya kwanza. Nimerudia kuutazama ukurasa huo leo usiku, na heshima yangu kwake imezidi.

Alhamisi, Mainz

Leo sikutoka. Nilimwomba dada meza ya jikoni, nikatoa bikari na rula, nikaichora picha ya 21 ya Atalanta fugiens kwa vipimo.

Kitabu cha Maier kina picha 50, na kila moja ina kauli, shairi, maelezo na wimbo wa sauti tatu. Kauli ya picha ya 21 inaagiza kwamba kwa mwanamume na mwanamke ufanye duara, kisha mraba, kisha pembetatu, kisha duara tena, nawe utakuwa na jiwe la wanafalsafa, lile lililoaminiwa kugeuza metali kuwa dhahabu. Mzee mwenye ndevu amesimama mbele ya ukuta uliobanduka lipu akiwa ameshika bikari kubwa inayokaribia urefu wake, na ukutani yamo maumbo hayo, yakiwa yamefungana kutoka ndani kwenda nje, watu wawili wakiwa ndani ya duara dogo. Chini ya miguu yake kuna vifaa vya kupimia na karatasi. Mraba ni elementi nne, pembetatu ni mwili, roho na nafsi, na duara la mwisho ni kurudi kwenye umoja.

Maelezo hayo yanapatikana popote. Nilichotaka ni kufanya kazi ambayo mzee anaifanya. Nilichora duara la ndani, nikalizungushia mraba, kisha nikauzungushia mraba huo pembetatu ya pande sawa ambayo kitako chake kimelala juu ya upande mmoja wa mraba, na mwisho nikapitisha duara kubwa kwenye ncha tatu. Kihesabu, nusu kipenyo cha duara la nje ni takriban mara 2.49 ya nusu kipenyo cha duara la ndani, na eneo lake ni zaidi ya mara sita. Watu wengi husema kwamba picha hii ni tatizo la kale la kupata mraba wenye eneo sawa na duara. Ukiichora kwa mkono wako unaona kwamba eneo halibaki sawa hata kidogo, bali linakua kwa kila hatua, na wanaalkemia walikuwa na hatua ya kazi waliyoiita kuzidisha, ambapo jiwe lililokamilika huongezewa nguvu. Nionavyo mimi, picha hii inahusu kukua huko kuliko inavyohusu tatizo la mraba.

Kuna jambo la pili ambalo bikari ilinifundisha. Kitovu cha duara la nje hakiangukii juu ya kitovu cha duara la ndani. Kiko juu zaidi, kwa umbali wa karibu robo ya nusu kipenyo cha duara dogo. Maana yake ni kwamba mzee hawezi kuacha mguu wa bikari pale alipoanzia. Akitaka duara la mwisho lipite kwenye ncha zote tatu, lazima aung'oe na kuupandisha. Mwanzo na mwisho vina umbo moja, lakini katikati yake pamehama, na aliyehamisha ni mraba na pembetatu, yaani kazi yenyewe. Sijui mchongaji alikuwa na nia gani, ila yeyote aliyekuwa na bikari mkononi lazima alikutana na jambo hilo.

Picha nyingine mbili za Maier zinakamilisha hii. Ya 42 inamwonyesha mwanafalsafa usiku akifuata nyayo za Maumbile, mwanamke anayetembea mbele yake. Mzee ana fimbo, miwani na taa, na kauli inasema kwamba akili ni fimbo, uzoefu ni miwani na kusoma ni taa. Angalia mgawanyo wa mwanga: taa ya kusoma inamulika nyayo tu, haimfikii yule mwanamke mwenyewe. Ya 45 inasema kwamba jua na kivuli chake ndivyo vinavyoikamilisha kazi. Hapo ndipo naona wachoraji hawa walipotofautiana kabisa na wa Aurora, kwani kivuli si adui wa mwanga tena. Ni matokeo yake ya lazima, yenye umbo linaloweza kupimwa, na mtu anaweza kujua mahali lilipo jua kwa kukitazama kivuli peke yake.

Ijumaa, Nürnberg

Siku fupi. Hapa ndipo Albrecht Dürer alipochapa mwaka 1525 mafunzo yake ya kupima kwa bikari na rula, kitabu ambacho mafundi wa Ujerumani walikitegemea, na kabla ya hapo, mwaka 1514, mchongo wa Melencolia I. Ndani yake kuna chungu cha kuyeyushia kikiwa motoni kando ya jiwe kubwa lenye nyuso nane, pembetatu mbili na sita za pembe tano, na malaika aliyeshika bikari bila kuitumia. Sitasema ni picha ya alkemia. Hata hivyo chungu na jiwe vimewekwa pamoja, na nyuso za jiwe zimetofautishwa kwa mwanga tu.

Mji una pia nakala moja ya Splendor Solis, kazi ya picha 22 ambayo nakala yake ya mwaka 1582, iliyoko Maktaba ya Uingereza, ndiyo maarufu zaidi. Chupa saba zinafuatana, kila moja chini ya sayari yake: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Chini ya Zuhura ndani ya chupa kuna tausi aliyetandaza mkia, yaani rangi zote kwa pamoja. Baada ya chupa hizo linakuja jua jeusi juu ya nchi iliyoungua, na picha ya mwisho ni jua jekundu likichomoza juu ya mashamba na mji.

Jumamosi, njiani

Basi kutoka Nürnberg hadi Prague, mvua mwanzo hadi mwisho. Nimeisoma upya Monas Hieroglyphica ya John Dee, mwanazuoni wa Uingereza, iliyochapwa Antwerp mwaka 1564. Dee anaanza na mstari mnyoofu na duara, anasema duara haliwezi kufanyika bila mstari wala mstari bila nukta, na kutokana na hapo anajenga alama moja yenye mwezi, jua, msalaba na moto. Ameipanga kwa nadharia 24, kama mwanajiometria anayethibitisha. Khunrath aliichukua alama hiyo akaiweka katika michongo yake.

Jumapili, Prague

Dee alipokelewa hapa na Rudolf II mwaka 1584, Maier alikuwa tabibu wake, na Vredeman de Vries alikuja kufanya kazi katika kasri lake. Lakini leo nimepanda hadi Pohořelec, karibu na kasri, kwa ajili ya mwanaastronomia Johannes Kepler, ambaye sanamu yake imesimama hapo pamoja na ya mwenzake Tycho Brahe. Kepler aliishi Prague kuanzia 1600 hadi 1612, na mwaka 1604 alitoa kitabu cha mwanga alichokiita nyongeza kwa Witelo, yule Witelo aliyechapwa Basel mwaka 1572 pamoja na Ibn al-Haytham.

Humo Kepler anasema kwamba mwanga hutoka kwenye nukta na kutandaa kama uso wa tufe linalokua. Kwa kuwa uso wa tufe hukua kwa mraba wa nusu kipenyo chake, mwanga uleule ukifika umbali maradufu unagawanywa juu ya eneo mara nne, na kila mahali hupata robo. Weka kando yake mchoro wa Fludd wa piramidi mbili: ya mwanga ina kitako mbinguni na ncha duniani, ya giza ina kitako duniani na ncha mbinguni, nazo zinapishana. Mahali zinapolingana upana, katikati kabisa, Fludd ameliweka jua. Kwake mwanga hupungua kwa mstari ulionyooka, na nusu ya njia ni nusu ya mwanga.

Mwaka 1619, katika nyongeza ya Harmonices mundi, Kepler alimshambulia Fludd waziwazi, akisema kwamba Fludd hufurahia mafumbo ya giza ilhali yeye anajitahidi kuyatoa mambo kwenye mwanga wa akili. Fludd alijibu mwaka 1621, Kepler akarudi mwaka 1622, na Fludd akamjibu tena. Kuhusu kipimo, Kepler ana haki kamili, na mtu yeyote anaweza kuithibitisha robo yake kwa taa moja na karatasi nyeupe. Kuhusu picha, siwezi kumpa haki hiyo. Piramidi za Fludd hazikuchorwa ili zipime kiasi cha mwanga juu ya karatasi; zilionyesha kwamba hakuna mahali kati ya mbingu na ardhi palipo na mwanga mtupu wala giza tupu, na mfua dhahabu, mpika chumvi au mkeneka dawa aliyeinama juu ya tanuri yake alihitaji kulijua hilo kabla ya kuhitaji tarakimu. Dhana hiyo inasimama vizuri kwa mistari minne tu, na Kepler, aliyekuwa mchoraji hodari wa maumbo, hakuchora popote mchoro unaoisema kwa uwazi kama ule.